Ukuta wa Bati Kwenye Pijo ya Baba Mkwe

Anyosisye. Namtaja kwa jina lake, na atakayeona nimekosa adabu aje aniambie usoni. Anyosisye wa Kinyala, baba wa mume wangu Jacob, mzee wa kanisa, dereva. Niliishi kwenye uwanja wake miaka na miaka bila kuujua uso wake. Nilijua mabuti yake ya mvua. Nilijua koti lake la kaki lililopauka mgongoni, nilijua kikohozi chake. Uso, hapana.

Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamwangalii, hali mbele yake, hakai naye chini ya paa moja. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani na kujikunyata mpaka apite. Siku hizi wasichana wa mjini wakisikia wanacheka. Wao wanampakulia baba mkwe chakula na kumpa mkononi, "shikamoo baba", basi, yamekwisha. Nilipoolewa mimi, kwa Anyosisye sheria ilikuwa sheria, na askari wake alikuwa mama mkwe wangu, Atuganile. Macho ya yule mama yalikuwa kila mahali.

Mzee naye alikuwa na namna yake ya kunisaidia kutii. Akifika kona ya juu na gari lake, Pijo, anapiga honi. Maana yake: Sekela, jifiche. Niwe nakoroga uji, niwe nafua, niwe nachambua maharage, naacha hapo hapo nakimbia. Wewe umewahi kukimbizwa na honi kwenye uwanja unaoufagia mwenyewe kila asubuhi? Mimi nilikimbizwa. Ugali unaungua, halafu nasemwa kwa kuunguza ugali! Nilikuwa na hasira tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na sikuwa na wa kumwambia, maana Jacob alikuwa Dar es Salaam anatafuta maisha, na maisha yenyewe alikuwa hayaoni.

Sitaki kusema mabaya tu. Anyosisye alizaliwa hapo hapo Kinyala. Ujanani alikwenda na Wenela, wale waandikishaji wa vibarua wa migodini, kuchimba madini Afrika Kusini, akarudi anajua kuendesha gari, jambo ambalo wenzake hawakulijua. Chama cha ushirika kikamwajiri. Akapewa Pijo 404 nyeupe, ile ya mgongo mrefu, awe anawazungusha mabwana shamba na wakubwa wa kahawa. Aliiosha kila jioni hata kama kesho yake inaingia kwenye tope. Waliomfahamu wanasema hakuwahi kukanyaga breki kwa pupa.

Ulipokuja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu, kila kitu kikageuka. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao mpaka mashambani, mitumba ikajaa sokoni, pikapu za Kijapani zikaanza kupanda milima yetu. Chama kikafa taratibu na magari yake yakapigwa mnada. Mzee akachukua kiinua mgongo chake chote akainunua Pijo ile ile aliyokuwa akiiendesha. Watu walimcheka, wakasema kanunua kaburi la bati. Yeye akaipiga maji, akaipaka grisi, kazi ikaendelea. Ilibeba maharusi, ilibeba majeneza, ilibeba wagonjwa, ilibeba ndizi za watu wa Lupepo kwenda sokoni. Mbuzi walipanda gari lile. Kinyala nzima ilipanda, isipokuwa mimi.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza ulinishika asubuhi, masika yamekolea, mvua ya Tukuyu ile isiyojua kupumzika. Wanawake wa jirani wakaja. Kufikia mchana wakaanza kutazamana. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mmoja wao akasema waziwazi, huyu ni wa hospitali. Nje Pijo ilikuwa inanguruma tayari, mzee keshaiwasha. Nikasema, nipandisheni.

Atuganile akasimama mlangoni. "Gari lina paa," akasema. "Paa ni paa. Unataka aibu hii tuipeleke wapi?"

Nililia, nilitukana, nikaomba wanifunike hata gunia. Wanawake wanne mle ndani na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Na yeye nje anasikia! Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, alisikia kila neno. Mtu angefanya nini? Angeingia akasema, mama Jacob, ondoka mlangoni. Yeye akaona afadhali aende peke yake kumleta nesi wa zahanati. Akaondoka mbio, mtu asiyekimbiza gari siku zote, na kwenye mteremko wa darajani Pijo ikateleza, ikalalia ubavu wa kulia, ikaburuzika mpaka kwenye shina la mparachichi. Alitoka amevunjika mfupa wa bega. Nesi alifika kwa miguu, jua limezama, mambo yamekwisha.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Tulimzika migombani. Jacob alikuja, alikaa siku za msiba, akarudi Dar. Pijo ilivutwa na vijana kwa kamba mpaka nyuma ya nyumba, ikafunikwa turubai, kuku wakawa wanatagia ndani. Honi ikanyamaza. Mzee akawa anakohoa tu akikaribia, nami najificha kama kawaida. Usiniulize kwa nini niliendelea kujificha. Ningekwenda wapi? Nilikuwa nikipita karibu na lile turubai nalitemea mate.

Baadaye Jacob alikuja majira ya baridi, akarudi zake, akaniacha mjamzito tena.

Tumbo lilikuwa limeshaonekana siku pikapu moja ilipoingia uwanjani na kushusha mitungi ya gesi, nyundo za kila aina, mapipa matupu ya mafuta, na mwanamume mfupi mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alikuwa Suleimani, fundi wa bodi kutoka Msasani, Tukuyu. Baba yake alikuja kutoka pwani na cherehani. Yeye alizaliwa Tukuyu, anaongea Kinyakyusa kuliko wengine wenye ukoo huku, na mdomo wake haujui kufunga. Akalivua lile turubai. Kuku wakatawanyika.

Damu ilinichemka. Mimi nina tumbo, tunajua wote yaliyonipata, na mtu anafikiria kunyoosha gari! Nilimpelekea fundi chai nikaibamiza chini, nusu ikamwagika.

"Ugonile, dada," akasema, anachekacheka. "Hiyo chai imenikosea nini?"

"Kunywa ufanye kilichokuleta."

"Kilichonileta ni maiti hii. Tazama." Akaingiza bisibisi kwenye bati la chini ya milango, ikazama kama imeingia kwenye mkate. "Ajali imeua upande wa kulia. Kutu imeua uliobaki. Mtu mwingine angempakia puti hapa, akapiga msasa, akapuliza rangi, mzee akafurahi mpaka masika. Puti juu ya kutu kwa mvua hizi? Inabanduka yote. Mimi nakata."

Na alikata kweli. Alikata mudigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, akakata bati la nje la mlango wa mbele na wa nyuma, akakata bati la chini mpaka mbavu za gari zikaonekana. Nilikuwa nakwenda kutazama mzee akiwa kanisani au shambani kwake kwenye chai, si kwa kupenda, ila huwezi kuwa na kelele zile uwanjani usitake kujua. Kila akiondoa kipande, kwanza alipima pengo kwa kamba, akapigilia vipande vya mbao ndani yake ili gari lisijikunje wakati halina ubavu.

Jacob, baada ya kupelekewa habari, akatuma mlango kwa basi kutoka Dar. Alitafuta kwenye vyuma chakavu vya mtaa wa Gerezani, akajisifu kwamba ni wa Pijo 404 hasa. Ulikuwa wa 404 kweli. Ulikuwa wa kushoto! Kwa baba yake milango ya kushoto ilikuwa mizima yote miwili. Suleimani alilifungua gunia lake akakaa chini kwa kicheko, machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Nilisema, huyo ndiye mume wangu, akisaidia anasaidia upande usiouma.

Basi yakatumika mapipa. Fundi alilipasua pipa kwa patasi, akalilaza juu ya gogo na kulinyoosha kwa nyundo ya mbao, akaligeuza juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga kidogokidogo mpaka likapata tumbo lile la mlango. Analipeleka kwenye gari, anatazama, anarudi, anagonga tena. Kuchomelea ndiko kulikomfanya anyamaze. Alitia nukta moja huku, nukta nyingine mbali kule, na kati yake anafuta kwa kitambaa kibichi, maana bati ukilichoma mfululizo linajikunja na hulirudishi. Nilikiri moyoni kwamba anajua kazi. Hasira haikupungua.

Siku moja nikamkuta anakata bati lisilofanana na mengine. Lilikuwa pana, limenyooka, halina tumbo la mlango wala mbinuko wa mudigadi.

"Hilo la wapi?"

Akaendelea kukata. Suleimani kunyamaza!

"Fundi, nimekuuliza."

"La ndani," akasema. "Dada, mimi natumwa tu. Mwenyewe nimekataa wiki nzima. Nimemwambia mzee, unaiharibu. Hakuna 404 yenye kitu hiki duniani."

"Kitu gani?"

Akaweka patasi chini. "Ukuta. Nyuma ya kiti cha dereva, kutoka sakafuni mpaka juu, mlango huu mpaka mlango ule. Hakuna hata tundu. Nilitaka niache kidirisha kidogo aone nyuma kwa kioo, akasema hapana, hata tundu la sindano. Amekaa na wazee wa ukoo, wamekubaliana. Ukuta ukiwepo, gari si chumba kimoja tena, ni nyumba mbili. Wewe utapandia mlango wa nyuma. Siku yako ikifika akupeleke hospitali."

Unadhani nilifurahi? Wengine wangefurahi. Atuganile alinitazama siku ile kana kwamba nimepewa zawadi. Mimi nilisikia moto kuanzia miguuni. Kumbe ilikuwa inawezekana! Kumbe kulikuwa na njia, kipande cha pipa tu, na wazee wakitikisa vichwa kukubali, na mwanangu yuko migombani! Na mimi mnataka nitiwe kwenye boksi la bati, nisafirishwe kama ndama!

Mzee alikuwa nyuma ya ghala la mahindi, nilikuwa nimeshasikia kikohozi chake. Sikujificha. Nilisimama upande wangu wa ghala nikamwita Suleimani aje katikati.

"Fundi! Mwambie huyo mwenye gari, mimi si ndama."

Suleimani akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mzee, anasema yeye si ndama."

Halafu sauti, na Kiswahili chake kile cha Kinyakyusa: "Mwambie nimesikia. Mwambie gali likitoka salama, atatoka salama."

"Dada, anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Mwambie nataka kupanda kama watu. Harusi za watu amebeba, maiti za watu amebeba. Mimi nimemkosea nini?"

"Mzee, anauliza amekukosea nini."

Kikohozi. Nilisikia mabuti yake yakigeuka kwenye kokoto.

"Hajakosea," akasema. "Mwambie ukuta ule si wa kumfungia yeye. Ni wa kunifungia mimi. Yeye abaki na heshima yake."

Heshima! Neno lile ndilo lililonimaliza. Nilikwenda kwenye gari, bati lile la ukuta limeegemezwa kwenye tairi, nikaokota nyundo kubwa ya fundi nikalipiga. Nikalipiga tena. Atuganile alitoka jikoni anapiga mayowe kwamba mkwe karukwa na akili, Suleimani akanishika mikono, "dada, tumbo, tumbo lako!" Nilikuwa natetemeka nikaona aibu, lakini aibu ya kutetemeka, si ya kupiga.

Bati lilibonyea katikati. Fundi alitaka kulinyoosha, mzee akamkataza. Lilichomelewa hivyo hivyo na bonyeo lake. Pijo ikapakwa rangi nyeupe, upande wa kulia mpya kabisa, huwezi kujua ulikuwa pipa la mafuta, na Suleimani akafunga mitungi yake akarudi Msasani akinung'unika kwamba asitajwe jina kwenye ule ukuta.

Nilijiapiza sitapanda. Nilimwambia Jacob kupitia kwa watu waliokwenda Dar, sipandi boksi. Halafu uchungu ukaja, asubuhi ya mvua vile vile, maumivu ya mgongo yale yale, na nikaogopa. Woga ni kitu cha ajabu, unakunyang'anya maneno yote uliyojiapiza. Atuganile alinifungulia mlango wa nyuma mwenyewe. Nikaingia, nikalala kwenye godoro walilotandika, mlango ukafungwa, na mbele yangu ukuta.

Tukaondoka. Sikuona njia ilipo, niliona migomba ikipita dirishani na mvua. Tulipopita darajani akaenda polepole mno, nikajua na yeye anafikiria nilichokuwa nafikiria. Halafu nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa bati.

"Sekela."

Hakuwahi kuniita. Tangu niolewe hakuwahi.

"Sekela, gonga bati. Ukinyamaza naogopa."

Nikagonga. Mwanzo niligonga anijue nipo. Halafu uchungu ukanibana na nikawa nagonga kwa ngumi, kwa hasira zote, nagonga nikisema "sikia hiyo! sikia na hiyo!" na yeye kule anajibu, "ndaga, ndaga, gonga," anashukuru kila ngumi, nami nazidi kukasirika kwa sababu anashukuru.

Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya barabara kubwa, Pijo ikakwama. Magurudumu yalizunguka, tope likaruka mpaka madirishani, gari likawa linashuka kinyumenyume. Akajaribu tena na tena. Akazima. Nikasikia mlango wake, nikasikia mabuti kwenye tope. Alipita upande wangu amegeuza kichwa, akaenda nyuma, akasukuma. Mzee wa umri ule, bega lililovunjika likaunga vibaya, anasukuma Pijo peke yake na hakuna mtu kwenye usukani! Gari likacheza kidogo, basi. Hakuna mtu njiani kwa mvua ile.

Akaenda kusimama pembeni, amegeukia ukingo wa barabara, mikono kichwani. Nilimwona mgongo kupitia dirishani. Alikuwa amesimama vile tu. Nikajua hivi ndivyo alivyosimama nyuma ya nyumba yetu siku ile, akisikia.

Nilifungua mlango nikashuka. Tope lilinifika kwenye ndala, maji yalikuwa yanatiririka miguuni, sijui ya mvua sijui yangu. Nikaingia mlango wa mbele nikakaa kwenye kiti chake.

"Naendeshaje?" nikapiga kelele.

Hakugeuka. "Shuka! Shuka hapo, mama, hapo ni..."

"Nimekuuliza naendeshaje!"

Uchungu ukanikamata, nikang'ata usukani. Ulipopita nikamsikia anaongea haraka, bado amenipa mgongo. Mguu wa kushoto ukanyage mpaka chini. Washa. Akaniambia nishike gia ipi, niivute vipi. Sasa wa kushoto uachie polepole, polepole Sekela, wa kulia uongeze. Akakimbia nyuma.

Gari liliruka. Likazima. Nikaanza upya. Safari hii likalia, likatetemeka, nikatazama kioo cha pembeni na nikamwona. Alikuwa ameinama bega zima kwenye buti, meno nje, na gurudumu linamtupia tope usoni mwake mfululizo. Ndiyo mara ya kwanza nauona uso wa Anyosisye. Ulikuwa tope tupu na macho. Aliona namwona. Hakuacha kusukuma.

Pijo ikapanda. Ilipanda yumbayumba kama mlevi mpaka kwenye tambarare, nikaondoa miguu yote, ikashtuka na kuzima.

Akaja anahema. Akasimama nje ya mlango, amegeukia kule.

"Rudi nyuma, mama. Twende."

"Sirudi."

"Sekela, watu wataona."

"Waone! Mtoto wa kwanza uliniachia njiani kwa ajili ya heshima. Huyu humpi heshima, unampa hospitali. Ingia uendeshe, nakwambia, au naendesha mwenyewe na tutakufa wote!"

Nikasogea kiti cha pembeni. Mvua ilimnyeshea kwa muda uliotosha mimi kubanwa tena na kupiga yowe. Akaingia. Tukawa tumekaa sote mbele, yeye anatazama barabara tu, mimi nimeshika dashibodi, na nyuma yetu ukuta wa bati haumtenganishi mtu na mtu. Tukaenda hivyo mpaka Tukuyu. Watu walituona, ndiyo. Pale njia panda mama mmoja wa kanisani kwetu aliacha mdomo wazi na mwavuli ukamponyoka.

Nilijifungua msichana, kabla ya adhuhuri. Alilia mpaka manesi wakacheka.

Nilipokuwa nimelala na mtoto keshanyonya, nesi mmoja akaja. "Yule mzee wako yuko barazani. Nimemwambia aingie hataki. Amelowa chapachapa."

"Nipe mtoto," nikasema.

"Wewe lala, umetoka kuzaa sasa hivi."

"Nipe mtoto wangu."

Nilimkuta ameshika nguzo, amegeukia mvua. Tope lilikuwa limemkaukia shingoni. Alisikia miguu yangu akajua.

"Ni msichana, Tata," nikasema; Tata kwetu ni baba. "Mshike."

Bila kugeuka, akanyoosha mikono yake kwa nyuma, viganja wazi, eti nimwekee mtoto huko huko mgongoni. Lo! Nimeshonwa, na mtu ananyoosha mikono ya kinyumenyume!

"Mtoto hapokelewi kwa mgongo!" Nilipiga kelele, foleni nzima ya dawa ikanitazama. "Geuka!"

Akageuka. Nikamwekea mtoto mikononi. Mimi hakunitazama. Alimtazama yeye, na midomo ikaanza kumcheza.

"Mbona halii?" akauliza.

"Amelala. Amelia, amenyonya, amelala."

Hakuniamini. Akainama, akaweka sikio lake kwenye pua ya mtoto, akafumba macho. Nilikuwa bado na maneno mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu masika yale ya kwanza, na yote yalikuwa ya haki. Nikakaa sakafuni, nikamwacha asikilize.